Baba abaki na pikipiki yake ya zamani, au anunuliwe mpya?

Binti mmoja wa Lipangalala, Ifakara, ameniandikia ujumbe ambao nimeusoma mara tatu. Baba yake ana miaka 67. Alikuwa bwana shamba, na kwa miaka mingi ya kazi yake alizunguka bonde la Kilombero juu ya pikipiki: Mbingu, Mngeta, Chita, na ng'ambo ya mto hadi Lupiro, enzi zile za kusubiri kivuko. Pikipiki ya mwisho aliyopewa kazini, Yamaha AG100, aliinunua ofisi ilipoiuza kama chakavu. Ipo stoo, imefunikwa turubai, haijawashwa miaka minne.

Mwaka huu mzee amesema anataka kuifufua. Ana ekari nne za mpunga upande wa Namwawala na amechoka kuomba lifti na kulipa bodaboda. Fundi ameshamwandikia orodha ya spea. Kaka yake binti, anayefanya kazi Dar es Salaam, alipopigiwa simu alicheka. Akasema baba aachane na hilo kopo, yeye atamnunulia mpya ya cc 150. Mzee akajibu kwamba hajaomba kitu kwa mtu. Sasa ni wiki ya tatu baba na mwana hawapokeleani simu. Binti ndiye anayekaa na wazazi, na ndiye atakayeitwa siku mzee akianguka. Anauliza nani yuko sahihi, au amwombe tu baba aache pikipiki kabisa.

Nianze na hilo la mwisho, maana katika nyumba nyingi ndilo linalosemwa kwanza na kwa sauti kubwa. Kumkataza mzee pikipiki Ifakara si sawa na kumkataza mzee wa Upanga au Mikocheni. Shamba liko mbali na nyumba. Mpunga una siku zake: siku ya kupanda, siku ya kupalilia, wiki za kuamia ndege. Asiyefika, halimi. Ukimnyang'anya usafiri umemnyang'anya shamba, na ukimnyang'anya shamba bwana shamba mstaafu, sijui umemwachia nini cha kuzungumza jioni. Tena njia mbadala yenyewe mara nyingi ni kukaa nyuma ya kijana wa miaka 19 anayekimbilia abiria wa pili. Kati ya hao wawili, mimi ningependa nibebwe na mzee.

Ila si kila mzee. Umri peke yake haumshushi mtu kwenye pikipiki. Kinachomshusha ni macho, magoti, viganja na dawa. Mtoto wa jicho huanza taratibu. Mtu anadhani taa za magari zimekuwa kali siku hizi, kumbe ni jicho lake ndilo linalotawanya mwanga. Baadhi ya dawa za presha huleta kizunguzungu, hasa mtu anapoinuka ghafla. Mwenye kisukari anaweza kuishiwa nguvu njiani kama alimeza dawa asubuhi akaondoka bila kula. Nilimwambia binti, kabla shilingi moja haijatoka mfukoni mwa mtu yeyote, mzee apimwe macho na presha, na Hospitali ya Mtakatifu Fransis ipo hapo hapo mjini.

Akanijibu kwamba hayo yalifanyika mwaka jana. Macho mazuri, miwani ni ya kusomea. Presha ipo, inatulia kwa kidonge kimoja. Viganja bado vya mkulima. Ila goti la kulia linamsumbua akipanda ngazi. Kumbukeni hilo goti, tutalirudia.

Sasa mashine zenyewe. Ile ya mzee ni ya mapigo mawili, mafundi wetu huita tustroku. Anayotaka kununua kaka ni ya mapigo manne. Katika injini ya mapigo mawili, kila mzunguko mmoja moto unawaka mara moja. Ya mapigo manne inahitaji mizunguko miwili ili iwake mara moja: kuvuta, kubana, kuwaka, kutoa moshi. Ya mapigo mawili haina vali. Matundu yako kwenye ukuta wa silinda, na pistoni yenyewe inayafungua na kuyafunga ikipanda na kushuka. Kwa hiyo vyuma ni vichache na injini ni nyepesi. Kwa ukubwa uleule wa injini, nguvu yake inakuja kwa ghafla na kwa sauti ile ya nyigu aliyefungiwa chupani. Wengi wetu tulioishi vijijini miaka ya 1980 tuliijua sauti hiyo kabla hatujamwona mwenyewe: padri, muuguzi wa chanjo au bwana shamba. Harufu ya moshi wake wa buluu ilifika baadaye kidogo.

Kaka anayeiita kopo angekaa na fundi mzee nusu saa. AG100 ilitengenezwa kwa ajili ya wakulima na wafugaji, na herufi hizo mbili za mbele zinatokana na neno la Kiingereza la kilimo. Ina keria mbele na nyuma, ina kifuniko kinachozunguka mnyororo wote usile tope, na haiko juu sana kutoka ardhini. Ikizama kwenye maji hadi injini ikanywa, unafunga petroli, unatoa plagi, unaigeuza imwage, unapiga kiki mara kadhaa bila plagi, unakausha, na mara nyingi inaondoka. Chini ya injini hakuna oili ya pistoni inayoharibika, kwa sababu oili hiyo inachomwa pamoja na petroli. Kubadilisha pistoni na ringi ni kazi ya asubuhi moja chini ya mwembe, kama spea zipo. Mzee anajua haya yote. Hasumbuliwi na kumbukumbu za ujana peke yake, kama mwanawe anavyodhani. Mashine hiyo ilimrudisha nyumbani miaka mingi na anajua kwa nini ilimrudisha.

Inafaa mzee aulizwe mambo mengine, tena na mtu anayemheshimu.

La kwanza ni oili. Pikipiki hiyo ilitoka kiwandani na tangi dogo la oili na pampu ya kuichanganya. Iliyokaa miaka minne, pampu yake huwa na shaka, na mafundi wengi huikata wakamwambia mwenyewe achanganye kwa mkono. Uwiano wa 25 kwa 1 maana yake ni mililita 40 za oili kwa kila lita ya petroli. Ukijaza lita tano ni mililita 200, kikombe cha chai cha wastani. Si hesabu ngumu. Lakini ni hesabu ya kila ukijaza, hata siku una haraka, hata siku petroli imenunuliwa kwenye chupa kando ya njia, hata siku umemtuma mjukuu. Ukisahau mara moja, pistoni inapata joto na kukamata ukuta wa silinda. Injini inakaza ikiwa kwenye mwendo, na gurudumu la nyuma linakaza nayo. Kijana mwepesi anavuta klachi kabla hajajua anafanya nini. Mzee wa miaka 67 naye anaweza, kama vidole vilikuwa tayari juu ya klachi. Nasema kama.

La pili ni mteremko. Ukiachia mafuta kwenye pikipiki ya mapigo manne, injini yenyewe inakushika, inapunguza mwendo. Ya mapigo mawili inakushika kidogo sana, inateleza kama mtumbwi. Kwenye tambarare ya Kilombero hutaona tofauti kubwa. Jaribu kushuka kutoka Mahenge kuelekea Lupiro siku ya mvua ukitegemea breki tupu na utaelewa. Mzee huyu ana ndugu Mahenge, na tangu Daraja la Magufuli lifunguliwe mwaka 2018 hakuna tena kivuko cha kumfanya aahirishe safari.

La tatu ni kiki. AG100 haina selfu. Inawashwa kwa mguu, na mguu wenyewe ni wa kulia.

Hapa ndipo goti linaporudi. Pikipiki yenye afya inawaka kiki ya kwanza au ya pili, nakubali. Lakini injini ya mapigo mawili ambayo plagi yake imeshiba oili, baada ya mwendo mrefu wa polepole kwenye tope, inaweza kutaka kiki ishirini. Kiki ishirini kwa goti bovu, umesimama kwenye utelezi kwa mguu mmoja wa kushoto, jua la saa saba kichwani, na kidonge cha presha kimo mwilini. Jambo hili halihusu ufundi wa kuendesha. Mzee anaweza kuwa dereva bora kuliko wote bondeni na bado akashindwa hapo.

Binti aliongeza kwamba baba yake amekuwa akionyeshwa na wajukuu video za mashindano ya motokrosi kwenye simu, na ameshika hoja moja: hata Wazungu wenye umri wanarudia mapigo mawili. Hoja hiyo ina ukweli. Mashindano hayo kwa muda mrefu yalitawaliwa na mapigo mawili. Kisha Yamaha ikaingiza sokoni YZ400F ya mapigo manne mwaka 1998, na katika miaka michache mapigo manne yakatawala daraja kubwa za mashindano. Mashine zikawa na nguvu tulivu zaidi, lakini pia nzito zaidi na ghali zaidi kufungua. Waendeshaji wa umri wa kati na zaidi, wanaocheza kwa kujifurahisha mwisho wa wiki, wengi wao wamerudi kwenye mapigo mawili kwa sababu hizo hizo: inainuka kirahisi ikianguka, na pistoni wanabadilisha wenyewe kwenye banda la nyumbani. Hata viwanda vikubwa kama KTM na Yamaha vimeendelea kuziuza.

Lakini tazama wanavyozitumia. Mbio za dunia za motokrosi ni dakika 30 na mizunguko miwili, basi. Hata ukienda Garuga, karibu na Entebbe, kwenye uwanja wanaoufahamu wapenzi wa mchezo huo Afrika Mashariki, mwendeshaji anazunguka mbele ya macho ya watu. Akianguka, kuna anayepeperusha bendera, kuna fundi wake, kuna gari la wagonjwa. Mashine zile zina kiti cha urefu wa sentimita 95 kutoka chini, hazina taa, na mwisho wa siku zinapakiwa kwenye gari na kurudi nyumbani zimelala. Mzee wetu anasafiri peke yake, na pikipiki yake ndiyo gari la kumrudisha. Wazee wa motokrosi wanachagua mashine ya kuwafurahisha dakika 30, na wana haki. Yeye anachagua mashine ya kumrudisha kwa mama kabla ya magharibi.

Kwa hiyo mimi sichagui kwa nguvu, wala kwa upya, wala kwa bei. Nachagua kwa dakika moja mbaya. Ni mwezi wa tatu, mvua imenyesha usiku. Njia ya kwenda mashambani ni udongo mweusi unaojaa kati ya tairi na madigadi mpaka gurudumu linagoma. Pikipiki imelala ubavu kwenye mfereji, imezimika, na mtu wa karibu zaidi yuko kwenye dungu lake akifukuza ndege, nusu kilomita, hasikii. Je, mzee anaiinua? Akishaiinua, inawaka? Isipowaka, kuna fundi wa kuigusa katika kijiji kinachofuata?

Ukiuliza hivyo, majibu yanagawanyika kwa namna ambayo haimpendezi baba wala kaka.

Katika kuinua, nyepesi ndiyo inayoshinda, na hapo mzee ana hoja kuliko mwanawe. Pikipiki mpya ya cc 150 ikijazwa mafuta ni nzito. Kuna kilo nyingi juu ya zile za AG100, na wauzaji hawazitaji kwa sababu vijana hawaulizi. Kaka amechagua 150 kwa sababu ndiyo anayoiona ikibeba watu watatu na gunia Dar es Salaam. Baba habebi abiria. Nguvu ya ziada itamsaidia kupanda kilima cha Mahenge mara mbili kwa mwaka, na uzito wa ziada atauinua yeye mwenyewe kwenye matope kila masika.

Katika kuwaka, mapigo manne yenye selfu yanashinda bila ubishi. Kidole gumba kinafanya kazi ya goti. Ila hakikisheni ina kiki pia, maana betri itakufa siku moja, na pikipiki yenye selfu tupu ikifa betri shambani inabaki kuwa benchi la kukalia.

Na katika fundi, ukweli ni kwamba Ifakara ya leo ni mji wa bodaboda, na bodaboda karibu zote ni za mapigo manne. Boxer, TVS na ndugu zao za Kichina zina spea Kibaoni, zina spea Mang'ula, zina spea Mlimba. Kijana wa miaka 20 chini ya mti anaijua kabureta yake gizani. Ringi za AG100 zinaagizwa, zinasubiriwa, na zikifika huenda si saizi. Wafundi walioizoea wamezeeka pamoja na mzee. Wengine wameacha kazi.

Mapigo manne nayo si malaika, na kaka asidhani akishatuma hela kazi imekwisha. Ina vali zinazotaka kupimwa, ina mnyororo wa ndani unaolegea ukaanza kugonga, na ina oili karibu lita moja tumboni ambayo lazima ibadilishwe kwa wakati, si pale mwenye nayo atakapokumbuka. Mzee aliyezoea mapigo mawili hajawahi kuwaza oili ya namna hiyo. Yake ilikuwa inaungua na kuondoka. Nimeona wastaafu wakiziua pikipiki mpya ndani ya mwaka kwa sababu hii tu: wanajaza petroli, wanaendesha, oili inageuka lami. Halafu maji. Mto Lumemo ukifurika mitaa ya Ifakara inajua, na huko mashambani ndiyo usiseme. Injini ya mapigo manne ikinywa maji, mtu asibonyeze selfu wala asipige kiki kwa nguvu, kwa sababu maji hayabanwi na chuma cha ndani kinapinda. Itolewe plagi kwanza, maji yatoke. Kisha oili ikaguliwe, na ikiwa imekuwa na rangi ya chai ya maziwa imwagwe yote, iwekwe nyingine kabla ya safari.

Mafuta nitayapitia haraka kwa sababu wote mnayajua. Tuseme safari ya kwenda na kurudi ni kilomita 60. Ya mapigo mawili iliyochoka ikienda kilomita 25 kwa lita, ni lita 2.4 pamoja na oili ya kuchanganya. Ndogo ya mapigo manne ikienda 45 kwa lita, ni lita 1.3 na ushee. Mara tatu kwa wiki, msimu mzima, tofauti hiyo ni magunia ya mbolea.

Kwa mzee huyu, basi, mwenye goti hilo na shamba lile, jibu langu ni mapigo manne. Ila si 150. Iwe ya cc 100 au 125, yenye selfu na kiki, yenye kiti ambacho akikaa nyayo zote mbili zinakanyaga chini bila kuinua visigino. Kama angekuwa anaishi kando ya lami Kiberege, shamba liko nyuma ya nyumba, goti zima, na fundi wake wa zamani bado yupo, ningemwambia afufue AG100 yake na asisikilize mtu. Kuna wazee wa namna hiyo bondeni na mashine zao zinawafaa.

Sasa ugomvi. Binti, kaka yako amekosea mahali pamoja na si kwenye hela. Amemnunulia baba kitu kabla ya kumuuliza, kwa simu, kwa kicheko. Mtu aliyewafundisha wakulima wa bonde hili kupima nafasi ya mche na mche hapokei zawadi inayoanza na neno kopo. Kaka apande basi aje, siyo atume. Akifika amwamkie, akae, na pikipiki isitajwe siku ya kwanza. Siku ya pili amwombe baba amtolee ile Yamaha stoo amwonyeshe inavyofanya kazi. Simaanishi kumlaghai. Kijana huyo kweli hajui, na kuna mambo humo ambayo hatayasikia kwa mtu mwingine.

Kisha waende dukani wawili, baba akiwa mbele. Azikalie zote. Azisukume kurudi nyuma kwa miguu akiwa amekaa. Na wamwombe muuzaji, au jirani mwenye pikipiki kama ile, wailaze kwenye mchanga, mzee aiinue mwenyewe. Kuna namna yake. Funga petroli, weka gia ya kwanza isiviringike. Kama imelalia upande wa kulia, toa stendi kabla hujaigusa, ili ikisimama isiende kuanguka upande wa pili. Geuza usukani kuelekea chini, igeuzie mgongo, chuchumaa, mkono mmoja kwenye usukani na mwingine kwenye keria, kisha sukuma kwa mapaja ukirudi nyuma hatua ndogo ndogo. Mgongo usiinue kitu. Akiweza mara mbili kwa kupumzika kidogo katikati, hiyo inamfaa. Akishindwa, wachukue ndogo zaidi, na hapo hakuna atakayehitaji kumwambia kwamba amezeeka, ameshaliona mwenyewe na amechagua mwenyewe.

Ile Yamaha isiuzwe kwa wanunua vyuma. Apewe nafasi ya kuifungua polepole, spea moja moja zikipatikana, lakini si kwa hela ya mbegu na si kabla ya mpya kuingia nyumbani. Ikiwaka, awe anakwenda nayo sokoni na kanisani, mjini, kwenye watu. Mjukuu mmoja awe msaidizi wake kwenye ufunguzi huo. Kijana akijua injini ya mapigo mawili kwa mikono yake, ya mapigo manne haitamtisha.

Masharti machache ya nyumbani, na haya nayaandika kwa mzee mwenyewe kama atasomewa. Shikamoo mzee. Kofia ngumu ni sheria, na hata isingekuwa sheria, fuvu la miaka 67 haliponi haraka. Gambuti ni nzuri shambani ila zinateleza kwenye breki ya mguu, kwa hiyo ziende kwenye keria na miguuni viwe viatu vya kamba. Gunia libebwe na wenye kazi hiyo. Leseni na bima viangaliwe tarehe, kwani trafiki hatazami mvi. Usiku usiendeshe, na mwezi wa tatu na wa nne, mvua ikiwa imenyesha usiku kucha, njia iachwe ikauke hadi mchana au safari iahirishwe. Ukiondoka, mwambie mama unapita njia gani, siyo tu unakwenda wapi, kwa sababu kwenda Namwawala kuna njia zaidi ya moja na mtu wa kukutafuta ataanza na ile isiyo yako.

Binti aliuliza pia kama mama anaweza kupanda nyuma. Kiangazi, njia ikiwa kavu na kofia yake ikiwa kichwani, ndiyo. Masika, mama apande gari la abiria, na mzee amsubiri kituoni.